Amana ya Bi Harusi Ndani ya Kompyuta Yetu



Tunaandika haya kutoka Morogoro, mji ambao wenyewe wanauita mji kasoro bahari. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Unguja aliyeifuata ndoa mpaka huku. Mwengine ni wifi yake, Mluguru wa Kinole, kule milimani ambako karafuu, mdalasini na pilipili manga vinaota kama vinavyoota Unguja. Ndiyo maana tulipoonana mara ya kwanza hatukukosa la kuzungumza. Sote tulimaliza skuli kidato cha nne, sote tukasoma ushonaji, na huu ni mwaka wa tisa tunashona nguo za maharusi katika nyumba moja upande wa Bigwa, chini kabisa ya milima ya Uluguru. Kwa hivyo mtatuwia radhi tukisema "sisi" kila pahala. Ndivyo tunavyoishi, na kwa hili tunalotaka kulisimulia, ni bora libakie la sisi.

Mnajua wenyewe bi harusi ni mtu wa kufichwa. Kwetu Unguja anawekwa ndani, anasingwa, anachorwa hina na piko, haonekani ovyo mpaka siku yake. Huku kwa Waluguru mwali naye anawekwa ndani, na mwanamme hakaribii mlango wake. Sisi kazi yetu ipo katikati ya mambo hayo. Chumba chetu cha vipimo hakina dirisha la barabarani. Mlangoni kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna komeo. Msichana akiingia mle anavua buibui, anavua ushungi, anabaki na gauni la ndani, nasi tunampima kifua, kiuno na nyonga. Mama zao wanatuletea mabinti kwa sababu ya lile komeo.

Sasa, gauni la harusi halishonwi kwa kipimo kimoja. Bi harusi anapojaribu, tunampiga picha ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, ili usiku tukikaa na kitambaa tuone wapi panavuta na wapi panalegea. Picha nyengine zinatumwa kwa dada yake aliyeko Maskati ambaye ndiye mlipaji wa shela, naye anataka kuona kabla hajatoa pesa. Simu zetu zilipojaa tukawa tunazihamishia kwenye kompyuta. Folda moja, jina "Maharusi", na ndani yake kila binti na jina lake.

Kompyuta yenyewe tuliinunua kwa mtu, imeshatumika. Kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza michoro ya darizi, kwa sababu mashine yetu ya darizi inasoma mchoro kutoka kwenye flashi. Lakini ilikuwa ni kompyuta ya nyumba. Watoto walichezea michezo, kaka zao wakaangalia mpira, majirani wakaja kuomba waandikiwe barua ya kazi. Nywila haikuwepo, maana nani akumbuke nywila na watoto wanalia? Ile flashi yetu ilikuwa ikienda steshenari kuprinti na kurudi, kila siku, bila hata kufutwa vumbi. Kila kompyuta ikituomba isasishwe, tulikuwa tunabofya "baadaye", kwa sababu bando ni pesa. Mlango wa mbele tuliufunga kwa komeo. Kwamba nyumba ina mlango wa pili, hatukulijua hilo.

Ilikuwa mwezi wa Mlisho, wiki tatu kabla ya Ramadhani. Mnaoshona mnajua Mlisho ulivyo: kila mtu anataka aolewe kabla ya kufunga. Tulikuwa na maharusi kumi na wanne kwenye daftari. Mmoja wao, msichana wa Kihonda, alituonesha shela ya darizi ya majani madogo madogo inayopanda kutoka pindoni mpaka kiunoni. Programu yetu ya darizi haikuweza kuchora vile. Ile inayoweza inauzwa kwa pesa nyingi mno, zaidi ya cherehani mbili.

Kijana mmoja akatuambia hakuna haja ya kununua, mtandaoni ipo ya bure, iliyokrakiwa. Kweli tukaipata. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: kabla ya kuiweka, zima kwanza antivairasi. Tukaizima. Leo tukikumbuka tunajiuliza, kama mgeni angetupigia hodi akasema, "Nitaingia, lakini kwanza mfungieni mbwa na mumuondoe mlinzi," tungemfungulia? Lakini saa ile tulikuwa na haraka, na tulikuwa na tamaa ya kitu cha bure.

Programu haikufunguka. Tukadhani imekufa tu, tukaendelea na kazi. Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, tulipowasha kompyuta ili tuchukue mchoro wa mkono wa gauni, kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi tusizozijua. Michoro haifunguki. Picha hazifunguki. Hesabu za wateja hazifunguki. Katika kila folda kulikuwa na barua moja ya Kiingereza. Tukaisoma polepole, kila mmoja akimsaidia mwenzake: mafaili yenu tumeyafunga, ufunguo ni dola 980, mkiwahi ndani ya saa 72 tutawapunguzia nusu, dola 490.

Dola 490 ni zaidi ya shilingi milioni moja. Pesa hiyo tulikuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa mtihani. Zamu yetu ya mchezo ilikuwa imetoka wiki ile ile.

"Wifi, tulipe," alisema mmoja wetu. "Harusi ya kwanza ni Ijumaa."

"Tukimlipa leo, kesho si atarudi? Na tutamlipa nani? Tunamjua?"

"Na picha za watoto wa watu?"

Hapo sote tukanyamaza. Mpaka dakika ile tulikuwa tunalia kwa ajili ya michoro. Lile neno "picha" ndilo lililotukalisha chini.

Jirani yetu ana binti anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Alikuja jioni, mvua inanyesha na mawingu yameshuka kwenye Lupanga mpaka kilele hakionekani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuikata kompyuta kwenye intaneti. "Shangazi, hii mlipaswa kuichomoa asubuhi ile ile," akasema. Kisha akatueleza kwa lugha tunayoielewa, nasi tunawaeleza hivyo hivyo.

Alisema kile kilichotuingia ni programu ya kuteka mafaili. Inachukua kila faili na kulifunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mtekaji peke yake. Aina iliyotupata inaitwa STOP, na njia yake kubwa ya kuingilia ndiyo ile tuliyoipitia sisi: programu za wizi zilizovunjwa kufuli. Haitafuti makampuni makubwa. Inatafuta watu wa majumbani, wanafunzi, mafundi kama sisi. Tangu Julai 2016 Polisi ya Uholanzi, shirika la polisi la Ulaya liitwalo Europol na makampuni ya usalama wa kompyuta wanaendesha mradi wa bure unaoitwa No More Ransom, ambao umekusanya funguo za baadhi ya programu hizi ili watu wasilipe. Binti akajaribu. Kwa STOP upo ufunguo uliotolewa mwaka 2019 unaofungua aina 148 za zamani, lakini yetu ilikuwa mpya zaidi. Haikufunguka, na mpaka leo haijafunguka.

Tukamuuliza lile lililotukaa kooni. Je, huyo mtu amefunga tu, au ameziona na picha?

Hakutudanganya. Alisema kufunga faili si lazima kuliangalia, na mara nyingi hawaangalii. Lakini programu kama ile mara nyengine huja na mwenzake, mwizi wa nywila, anayekomba kila nywila iliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hivyo hawezi kuapa kwamba hakuna kilichotoka. "Chukulieni kwamba kimetoka," akasema.

Basi usiku ule hatukulala. Kwanza tuligombana, na tunalisema ili msidhani sisi ni malaika. Kila mmoja alijua nani alishika mausi, nani aliyetoa shauri, na nani aliyesema "bofya tu, saa zinakwenda." Maneno yalitoka ambayo mtu na wifi yake wasingepaswa kuambiana. Siku ya pili Mama akashuka kutoka Kinole na mkungu wake wa ndizi. Kwa mmoja wetu ni mkwe, kwa mwengine ni mzazi. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, kisha akasema, "Mlango wa nyumba ukiachwa wazi usiku, hakuna aliyelala na aliyekuwa macho. Nyote mlilala." Tangu siku ile mtu akituuliza nani alibofya, jibu letu ni moja: tulibofya sisi.

Kilichookoa harusi ni kitu cha zamani kabisa. Mwalimu aliyetufundisha ushonaji alikuwa mkali kwa jambo moja, kwamba vipimo viandikwe kwenye daftari kwa kalamu ya wino, na daftari lisitoke chumbani. Tulikuwa tunamcheka kwamba amebaki nyuma. Lile daftari ndilo tulilolishikilia. Vipimo vyote kumi na vinne vilikuwemo, na tarehe zake. Darizi tuliyopoteza kwenye kompyuta tukaifanya kwa mkono, tukaita na mafundi wawili watusaidie, tukakesha. Shela ya Kihonda ilitoka na majani machache kuliko tulivyoahidi, lakini ilitoka. Alhamdulillah, hakuna bi harusi aliyekaa bila ya nguo.

Zikabaki picha. Tulizungumza sana. Mmoja wetu alisema, tukinyamaza hakuna atakayejua, kwa sababu hata sisi wenyewe hatujui kama zimetoka, na kuwatia khofu maharusi wiki ya harusi yao pia si kheri. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, tunawaambia kweli. Lakini katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe. Picha ya binti bila ya ushungi ni amana. Kama hatuwezi kuirudisha, basi angalau mwenyewe ajue amana yake imefikwa na nini, ili akitumiwa na mtu akatishwa, asiwe peke yake na asikubali kutoa pesa.

Tukagawana majina. Wa Morogoro tukawaendea kwa miguu yetu, nyumba kwa nyumba, mmoja baada ya mwengine: Kihonda, Mafiga, Mwembesongo, Mji Mpya. Wa mbali tukawapigia. Hatukutuma ujumbe, kwa sababu jambo kama lile si la kuandikiwa mtu. Wengine walitupa pole na kuendelea kuuliza rangi ya vishikizo. Mmoja alilia, tukalia naye. Mama mmoja alituchukulia kitambaa chake siku ile ile. Hakutukana. Alisema tu, "Mwanangu nilimleta kwenu kwa sababu mnafunga mlango." Mpaka leo hajarudi. Tukikutana naye Soko la Chifu Kingalu tunampa salamu na anaitikia, wala hatuna cha kumlaumu.

Mambo hayakuishia hapo. Siku chache baadaye ukurasa wetu wa Facebook ukaanza kuzungumza na wateja bila ya sisi. Nywila yake tulikuwa tumeihifadhi kwenye kivinjari. Wateja waliandikiwa: laini yetu ina matatizo, pesa ya kumalizia gauni tuma kwenye namba hii. Dada zetu, nani Tanzania hajapata kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Sote tunaucheka. Lakini ukitoka kwa fundi wako, na kweli unadaiwa salio, hucheki tena. Mama mmoja alituma shilingi 150,000. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamme asiyemjua, akadhani ni kaka yetu.

Tulimlipa zote kutoka kwenye pesa za mchezo, zile zile tulizotaka kumpa mtekaji. Tukaenda polisi tukaandikiwa namba ya jalada. Ile namba ya tapeli tukaipeleka 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa ajili ya kupokea namba za matapeli, nanyi iwekeni akilini. Pesa hazikurudi, lakini shauri limeandikwa. Kuingilia kompyuta ya mtu bila ya ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sheria hiyo inafika Bara na Zanzibar pia. Msione haya kwenda kushitaki. Aibu ni ya mwizi.

Sasa tuwaambie tunavyoishi na kompyuta baada ya hapo, kwa sababu tunajua wengi wenu mnayo moja nyumbani: ya biashara, ya mume, ya watoto, au iliyokuja na vyombo vya harusi.

La kwanza, tumeacha programu za wizi. Hili tulilifikiria hata kwa dini. Tulikuwa tunaingia kwenye mali ya mtu bila ya ridhaa yake, na mwizi mwengine akaingia nyuma yetu kwa mlango huo huo. Binti alitufutia kila kitu, akaweka Windows upya, ya halali. Kwa darizi tunatumia programu ya bure iliyotolewa na wenyewe iwe bure, na kwa mchoro mgumu tunamlipa mtu anayechora kwa kazi hiyo. Imetoka rahisi kuliko hasara tuliyopata.

La pili, tunasasisha. Zamani tuliona sasisho ni mlaji wa bando tu. Binti akatusimulia habari ya mwaka 2017. Mwezi wa Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye Windows. Wengi wakabofya "baadaye" kama sisi. Tarehe 12 Mei mwaka huo programu ya kuteka mafaili iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu lile lile, ikaingia nchi zaidi ya 150, na Uingereza hospitali zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo miezi miwili. Na mjue kwamba masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako bado ipo hapo, muulize fundi wako kama inaweza kupanda Windows 11. Antivairasi nayo haihitaji pesa: Windows inakuja na yake, mradi usiizime. Kitu chochote kinachokwambia uizime kwanza, kimeshajitambulisha.

La tatu, nywila. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwape salamu wenyewe. Nywila ndiyo hodi ya kompyuta. Sasa kila mmoja nyumbani ana mlango wake: watoto wanaingia kwa jina lao na hawawezi kuweka programu mpya, wageni wana jina lao, na sisi tuna letu. Nywila zetu ni maneno manne au matano yasiyohusiana, marefu, rahisi kuyakumbuka na magumu kuyakisia. Hakuna jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Nywila ya barua pepe haitumiki kwengine kokote, maana mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila zako nyengine zote. Na kwenye barua pepe, Facebook na WhatsApp tumewasha uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akiipata nywila abaki nje bila ya ile namba ya pili. Namba hiyo haisomewi mtu kwenye simu, hata akisema anatoka benki.

Na ulipobadilisha nywila, usibadilishie kwenye kompyuta yenye ugonjwa. Sisi tulitumia simu safi. Kisha fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uangalie kama kuna kompyuta usiyoijua. Wengi mnaifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisi au ya steshenari, mnaondoka, na mazungumzo yanabaki yamekaa pale kitako.

La nne, flashi. Ya mashine ya darizi haitoki nyumbani. Ya steshenari ni nyengine, ina alama ya uzi mwekundu, na ikirudi inapitishwa kwenye antivairasi kabla ya kufunguliwa. Vitu vingi vya kuprinti tunavituma kwa barua pepe tu.

La tano, nakala. Mchoro wowote tunaoutaka uishi unakaa pahala patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski ya pili iliyo mbali. Diski ya nje tunaiunganisha Alkhamisi jioni, tunanakili, tunaichomoa. Ikiachwa imeunganishwa, mtekaji ataifunga nayo pia. Ile ya pili ipo Kinole, ndani ya sanduku la Mama pamoja na kanga zake za doti. Kila mwisho wa mwezi inashuka, inajazwa, inapanda tena mlimani. Mama anasema sasa yeye ndiye mkurugenzi wa usalama, na hakuna anayembishia.

La sita ndilo kubwa kuliko yote kwa maharusi: tumeacha kuweka picha. Ukishakuwa hauna kitu, hakuna wa kukuibia. Siku hizi bi harusi anapojaribu gauni, picha inapigwa kwa simu yake mwenyewe, naye anaondoka nayo. Tukihitaji kuona kasoro, tunalivika gauni kwenye sanamu la kushonea na kulipiga picha hivyo. Ikilazimika sisi tubaki na picha ya mtu, sura haimo, jina halimo, inakaa kwenye folda iliyofungwa kwa nywila yake, na siku gauni linapotoka inafutwa, mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta. Tunamwambia mwenyewe: imefutwa, njoo uangalie. Baadaye tukaja kujua kwamba hata serikali inalitaka hilo. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asizitumie kwa jambo jengine lisilokuwa lile alilozikusanyia.

Kwa hivyo nanyi maharusi mnaotusoma, muwe na ulimi wa kuuliza. Mnauliza bei, mnauliza kitambaa kimetoka wapi. Muulizeni na fundi, mpambaji na mpiga picha: picha zangu zitakaa wapi? Nani mwengine anaitumia hiyo kompyuta? Zitafutwa lini? Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo, mtafute mwengine. Na aliyeolewa, usimwachie mume peke yake mambo ya kompyuta ya nyumba kwa kudhani ni ya wanaume. Picha zako ndizo zilizomo.

Kuna watu waliotuambia wakati ule, "Hiyo ni kadari, mwachieni Mungu." Tunaamini kadari. Lakini tunaijua pia hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume wetu (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache tu na atawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Sisi tulitawakali na ngamia tukamwacha barabarani.

Mlisho wa mwaka uliofuata tulikuwa na maharusi tisa, si kumi na wanne. Sifa inapotea kwa siku moja na inarudi polepole. Katika wale tisa, wanne walikuja kwa kuambiwa na msichana wa Kihonda. Tulimuuliza aliwaambia nini watu, na shela yake mwenyewe ilipungua majani. Akasema aliwaambia kwamba sisi ni mafundi waliokwenda mpaka kwao kumwambia ukweli, wakati ambapo asingejua kamwe.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na nyinyi, duniani na akhera, na azisitiri nyumba zetu kwa milango yake yote, ile tunayoiona na ile tusiyoiona. Amin. Usiku wa leo kabla hujalala, ukishafunga mlango wa nje, pita na kwenye kompyuta uangalie.